Nyumba Nyeupe za Rasi: Tusome Orodha Nzima

Mzee akifariki kwetu pwani, arobaini ikishapita, huanza shughuli ya pili ambayo haitangazwi msikitini wala kanisani. Vyombo vya marehemu hutolewa uani. Kabati la mninga lililotunza sahani za harusi hugongwagongwa ubavuni, kisha mtu husema ni zito mno na halitapita mlango wa nyumba ya kupanga. Kitanda cha samadari kinaonekana kikubwa. Mbuzi ya kukunia nazi haina hata wa kuitazama. Juma halijaisha, dalali amekuja na mkokoteni, na warithi wamekwenda kununua kabati la mbao za kubandika ambalo likimwagikiwa maji mara mbili litavimba. Nimeliona hili Tanga, Bagamoyo na Mombasa, na sijaona hata mara moja mtu akiandika kabati lile lilichongwa na nani, lililetwa kwa chombo gani, au bibi alikuwa akiweka nini kwenye saraka ya chini.

Leo naandika juu ya nyumba zilizo mbali na hapa, nyumba za Waholanzi wa kwanza katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Naziandika kwa sababu huko vyombo vilibaki, na karatasi za vyombo zikabaki pia. Msimamo wangu nautaja mapema. Nyumba zile ni nzuri kwelikweli na zinastahili gharama yote ya kuzitunza. Lakini uzuri wake haujakamilika mpaka kila kabati, kiti na sufuria visimuliwe pamoja na watu waliovichonga, waliovisugua na waliovibeba. Kuhifadhi kuta na kuwasahau watu hao ni kuhifadhi nusu, na nusu hiyo hudanganya.

Boriti ndiyo iliyopanga vyumba

Meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyojulikana kwa herufi VOC, zilisafiri miezi mingi kutoka Uholanzi hadi Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Mabaharia walikufa njiani kwa kiseyeye. Ndiyo maana tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga Rasi, ili Kampuni ipate kituo cha maji, mboga na nyama. Bustani ikazaa ngome, ngome ikazaa mji, na malisho ya Wakhoikhoi yakageuzwa mashamba ya ngano na mizabibu. Mwaka 1679 Simon van der Stel, mkuu wa Rasi wakati huo, akaanzisha Stellenbosch. Mwaka 1685 akapewa ardhi nyuma ya Mlima wa Meza, akaiita Constantia.

Nyumba zilizosimama kwenye ardhi hiyo hazikufanana na za Amsterdam. Kule nyumba ni nyembamba, ya matofali, imepanda juu kwa sababu kiwanja ni ghali. Rasi ardhi ilikuwa tele kwa aliyeitwaa, kwa hiyo nyumba ilijengwa chini, ndefu, ya ghorofa moja. Upana wake uliamuliwa na boriti. Mbao ndefu na imara zilipatikana kwa shida, na boriti ya kawaida ilivuka chumba cha mita sita hivi, basi. Mwenye nyumba aliyetaka nafasi zaidi hakupanua; aliongeza bawa. Ndipo tunapata nyumba zenye umbo la herufi T, U au H zikitazamwa kutoka juu. Mgeni anayestaajabia mpangilio ule anastaajabia, kwa hakika, akili ya fundi aliyekuwa na boriti fupi.

Juu ya mlango mkuu ukuta hupanda ukapita paa, ukapindwa kingo zake kwa mikunjo laini kama ya mawimbi. Ndiyo sura inayouza kadi za posta za Rasi hadi leo. Dirisha dogo lililo katika ukuta huo huangaza darini. Paa ni la nyasi, na nyasi ni adui wa nyumba ikitokea cheche, kwa hiyo mafundi walitandaza juu ya dari tabaka la udongo au matofali, ili paa likiungua moto usishuke vyumbani. Wenyeji husema pia kwamba ukuta ule wa juu ya mlango uliwakinga wanaokimbia wasiangukiwe na nyasi zinazowaka.

Na weupe wake? Ni chokaa iliyochomwa kutokana na makombe ya baharini. Mtu wa Lamu au Pate aliyezoea tanuu la matumbawe angeielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Kuta zenyewe ni za udongo, mawe na matofali yasiyoiva sana, nene kiasi cha mtoto kukaa kwenye ukingo wa dirisha akaning'iniza miguu. Kuta za namna hiyo hazivumilii mvua za kipupwe cha Rasi. Chokaa ikipasuka, maji huingia, udongo hulainika, ukuta huanza kumeguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kule si msemo wa kupambia hotuba, ni ratiba ya kazi ya kila mwaka. Weupe unaopigwa picha na watalii ni jasho la mtu aliyepanda ngazi na ndoo, tena na tena, kwa miaka mia tatu.

Simama mbele ya kabati

Mlango wa mbele umekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Cha juu kikiachwa wazi hewa na mwanga huingia. Cha chini kikifungwa kuku hawaingii. Ukivuka unafika ukumbi wa mbele, na nyuma yake upo ukumbi wa pili wa familia. Katika nyumba za wenye uwezo kumbi hizo hutenganishwa na kiambaza cha mbao chenye vioo na nakshi, ambacho hufunguliwa chote siku ya karamu.

Ukutani limesimama kabati. Nataka tulitazame pole pole, kwa sababu ndilo lililokuwa fahari ya nyumba. Linakaribia dari. Kifua chake kimetokeza mbele kwa mkunjo, jambo linalomaanisha kwamba fundi hakuridhika na ubao mnyoofu. Alichagua gogo nene akalichonga mpaka likapata tumbo. Fremu ni ya mti mweusi wa misitu ya kusini, ambao ukikatwa mbichi hutoa harufu kali na ukikauka hung'aa kama umepakwa mafuta. Vipande vya kati ni vya mti wa manjano, rangi ya asali. Miguu imechongwa kwa umbo la kucha za mnyama zilizokamata mpira. Mabamba ya tundu la ufunguo ni ya shaba, na katika makabati ya matajiri ni ya fedha iliyofuliwa na masonara wa hukohuko Cape Town. Ndani ziliwekwa shuka na vitambaa vya meza vilivyokunjwa, utajiri wa mwanamke wa nyumba. Juu yake, kwenye taji la kabati, husimama mitungi mitano ya kauri ya Kichina au Kijapani, buluu juu ya nyeupe, imepangwa kwa kupokezana mirefu na mifupi.

Kauri hiyo haipaswi kuwa ngeni machoni petu. Vyombo vya namna hiyo, vilivyovuka bahari hiihii ya Hindi, vilipangwa katika zidaka za nyumba za Pate na Lamu, na bakuli zake zilipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Mfanyabiashara wa Kiswahili na mke wa mkulima wa Stellenbosch, waliokuwa hawajuani, walikuwa na macho ya kupenda kitu kimoja.

Viti navyo vinasimulia. Vingine vimesukwa henzirani iliyoletwa na meli za Asia. Vingine, hasa vya mashambani, vimefumwa kwa kanda za ngozi mbichi zilizopitishwa kwenye matundu ya fremu na kukazwa. Kanda hulegea kwa kukaliwa, hukazwa tena, kiti kikaendelea. Kuna benchi refu la aina hiyo ambalo watu watatu hukaa bila kubanana. Kuna sanduku la safari lililotengenezwa likae sawasawa mbele ya gari la ng'ombe, na nyumbani likawa kiti. Kuna kijisanduku cha mbao chenye matundu juu, ambamo huwekwa makaa ndani ya chungu kidogo ili bibi aweke miguu yake siku za baridi.

Jikoni ndiko ninakokupenda kuliko kote. Meko ni pana kama chumba, mtu mzima anaweza kuingia akasimama. Masufuria ya shaba nyekundu yanatundikwa, birika linaning'inia kwenye mnyororo. Sakafu katika nyumba nyingi ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa samadi, kazi ambayo bibi zetu bara wanaijua vizuri. Na katika baadhi ya nyumba sakafu ilipandwa kokwa za pichi, maelfu yake, zikikandamizwa kwenye udongo mbichi mpaka zikashikana. Kokwa hazikwaruziki wala kuliwa na kisigino. Mtu aliyekula matunda hakutupa hata kokwa, alizijengea.

Anayetaka kuona jinsi maisha yalivyobadilika aende Stellenbosch, kwenye makumbusho ya kijiji yaliyounganisha nyumba nne za nyakati nne. Ya kwanza, Schreuderhuis, ilijengwa mwaka 1709, na mwaka uliofuata ikanusurika moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Ni nyumba ya watu wenye vitu vichache: madirisha madogo, sakafu ya udongo, meza moja, kitanda. Hatua chache mbele iko Blettermanhuis ya mwaka 1789, yenye umbo la H na kuta sita za mapambo, nyumba ya hakimu wa wilaya wa mwisho aliyewekwa na VOC. Miaka 80 tu imepita kati ya nyumba hizo mbili. Utajiri wote ule ulitoka wapi kwa kasi hiyo?

Mali bila daftari

Jibu liko kwenye karatasi. Kampuni ilikuwa na Baraza la Mayatima, chombo kilichosimamia mirathi pale marehemu alipoacha watoto wadogo au warithi walio mbali. Makarani wa Baraza walikwenda nyumbani kwa marehemu na kalamu, wakaingia chumba baada ya chumba, wakaandika walichokiona. Katika chumba cha kulia: kabati moja na seti ya kauri juu yake, viti kadhaa, kioo kimoja. Katika chumba cha kushoto: kitanda na mapazia yake. Jikoni: masufuria, vinara, chuma cha kuchomea nyama. Ghalani: ngano, mapipa, majembe. Mafungu kwa mafungu ya orodha hizo yamehifadhiwa Cape Town mpaka leo. Watunza makumbusho wanajua kabati lilisimama wapi kwa sababu karani alitaja chumba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga wetu walilisema, Waholanzi wa Rasi walilitenda, na nawasifu kwa hilo bila kusita.

Lakini orodha haikomei kwenye masufuria. Ukifungua ukurasa unaofuata, au wakati mwingine mstari unaofuata, wamo watu. Wameandikwa kwa majina waliyopachikwa na mabwana zao: Februari, Aprili, Septemba, Titus, Cupido. Baada ya jina huja mahali mtu alikotolewa: wa Bengali, wa Bugis, wa Madagaska, wa Msumbiji. Wamo pamoja na ng'ombe na viti, na wengine wamewekewa bei. Karani yuleyule, wino uleule. Familia nyingi za Rasi hadi leo zina majina ya miezi kwa ubini, na wenyewe wanajua yalikotoka.

Mambo hayo hayakuwa ya Rasi peke yake. Waholanzi waliojenga kando ya mto Hudson, katika koloni lililokuja kuitwa New York, nao waliacha nyumba zinazopendwa: Wyckoff House ya Brooklyn, ambayo mwanzo wake unahesabiwa kuanzia mwaka 1652 hivi, na nyumba ya Luykas Van Alen ya Kinderhook ya mwaka 1737. Huko nako yalikuwepo makabati yale marefu, milango ile ya vipande viwili, meko makubwa yasiyo na kuta za pembeni. Adolph Philipse, mwenye shamba na kinu huko Sleepy Hollow, alipofariki mwaka 1750 mali yake iliorodheshwa, na ndani ya orodha wamo watumwa 23. Makumbusho ya Philipsburg Manor yalipoitumia orodha ile kupanga vyumba, yalifanya uamuzi ninaouheshimu sana. Yalichukua pia majina 23, na leo mgeni haonyeshwi kinu bila kuambiwa habari za Mwafrika aliyekuwa msagaji.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Huwezi kuiamini orodha inapokuambia meza ilikuwa dirishani, kisha ukaifumbia macho inapokuambia aliyeifuta meza alikuwa nani. Ni ushahidi mmoja. Ukiukata, umeuharibu wote.

Kutoka pwani hii

Kati ya mwaka 1652 na kupigwa marufuku kwa biashara ya watumwa wa baharini mwanzoni mwa karne ya 19, wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 63,000 walipelekwa Rasi wakiwa watumwa. Karibu robo walitoka bara la Afrika, robo Madagaska, robo India, na waliobaki visiwa vya Indonesia. Miongoni mwao walikuwamo maseremala, waashi, wafua chuma na washonaji. Na wengine walifundishwa ufundi huko kwa sababu mwenye mtumwa fundi alimkodisha kwa wengine na kuvuna ujira wake. Kwa hiyo tunapotazama nakshi za kabati, au ule mkunjo wa ukuta juu ya mlango, tunatazama mara nyingi kazi ya mikono ambayo haikulipwa wala kutia sahihi.

Na baadhi ya mikono hiyo ilitoka huku. Meli za Kampuni zilifika pwani ya Waswahili kati ya mwaka 1776 na 1778 zikitafuta watumwa wa kununua, Zanzibar ikiwa miongoni mwa vituo, na shajara za safari hizo zipo. Wengi wengine walioandikwa kuwa ni wa Msumbiji walikuwa watu wa bara, kama Wamakua, ambao jamaa zao wako Mtwara na Masasi hata sasa. Msomaji wa Kilwa au Lindi anayetazama picha ya nyumba nyeupe ya Rasi asidhani anatazama mambo ya watu baki.

Ushahidi mwingine ulitoka ardhini. Vergelegen, shamba alilolijenga gavana Willem Adriaan van der Stel kuanzia mwaka 1700, lilikuwa na jengo refu la kulaza watumwa. Nyumba kuu ilibaki ikisifiwa kwa bustani zake na mikafuri yake mikubwa. Jengo la watumwa likatoweka chini ya udongo. Wanaakiolojia walipolichimbua walikuta, chini ya sakafu, kaburi la mwanamke wa makamo aliyezikwa ndani ya jeneza la mbao. Mifupa huhifadhi kumbukumbu ya chakula, na vipimo vilionyesha kwamba utotoni alikula vyakula vya nchi za joto, mbali na Rasi, na ukubwani akalishwa sana vitu vya baharini, chakula cha watumwa wa huko. Hatujui jina lake. Tunajua kwamba watu waliolala juu ya sakafu ile walimpenda kiasi cha kutotaka kumwacha aende mbali nao. Nani atanishawishi kwamba mikafuri ya Vergelegen inahitaji kuelezwa kuliko huyu mama?

Hata wakubwa wenyewe hawakuwa nje ya mchanganyiko huo. Simon van der Stel, mwanzilishi wa Constantia, alikuwa mjukuu wa mwanamke wa Kihindi aliyepata kuwa mtumwa. Kwa muda mrefu vitabu vya sifa vilimtaja kama Mholanzi mtupu. Kumtaja bibi yake hakumpunguzii mzabibu hata mmoja.

Nyumba zilipogeuzwa bendera

Kizuri hakikosi ila, na ila ya nyumba hizi ni namna zilivyotumika. Mwishoni mwa karne ya 19 nyingi zilikuwa zimechakaa na wenyewe walikuwa wakiuza vyombo kwa bei ya kuni. Namshukuru Marie Koopmans-de Wet, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki mwaka 1906, aliyekuwa akikusanya makabati, kauri na fedha ya Rasi wakati majirani wakivitupa. Nyumba yake iliyo Strand Street, ambayo kiini chake ni cha mwaka 1701, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1914. Bila yeye tungekuwa tunakisia. Nyuma ya nyumba hiyo, uani, ndiko walikolala watumwa.

Baada yake likaja wimbi jingine. Wakubwa wa Afrika Kusini mpya ya Wazungu walitaka alama ya taifa lao, wakaipata kwenye ukuta mweupe wenye mapindo. Groot Constantia, nyumba kuu ya shamba lile la Simon van der Stel, ilipoungua mwezi Desemba 1925, serikali iliijenga upya haraka, na mkusanyaji Alfred de Pass akatoa vyombo vya kuijaza. Si kosa kujenga upya. Kosa ni hadithi iliyotundikwa ukutani, kwamba ustaarabu ulishuka Rasi kutoka Ulaya ukiwa umekamilika, kama vile hakukuwa na Mmalei aliyeshika patasi wala Mwafrika aliyechoma chokaa.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa miaka ya 1960. Tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la ardhi liliupiga mji mdogo wa Tulbagh na kuvunja nyumba za kale za Church Street. Serikali na wataalamu walikuja kwa moyo mmoja. Nyumba 32 za mtaa ule zilirudishwa moja moja katika sura yake ya zamani, zikachunguzwa lipu kwa lipu, dirisha kwa dirisha. Kazi njema, na mtaa ule ni wa kupendeza. Lakini tarehe 11 Februari 1966, miaka mitatu tu kabla, serikali hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba District Six, mtaa wa katikati ya Cape Town uliojaa wajukuu wa watumwa, Waislamu, Wayahudi na Waafrika, ni eneo la Wazungu peke yao. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa kwa mashine. Church Street inapigwa chokaa, District Six inasukumwa na tingatinga, katika miaka ileile. Mtu atasemaje kwamba uhifadhi hauna siasa?

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba nyumba za Waholanzi ziachwe zioze, kwani ni ushindi wa dhalimu uliopakwa chokaa. Nawaelewa, na siwezi kukubaliana nao. Ukiiacha nyumba ianguke, umeangusha pia kazi ya seremala wa Bugis na mwashi wa Msumbiji, na umemwondolea mjukuu wao mahali pa kusimama akasema: hiki kilichongwa na babu yangu. Aliyepata hasara mara ya kwanza kwa kufanyishwa kazi bure asitiwe hasara ya pili kwa kufutiwa kazi yake. Mwaka 1994 waliofukuzwa District Six walianzisha makumbusho yao ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliokuwa wakazi waliandika kwa mikono yao nyumba ya nani ilikuwa wapi. Wamepanga tena chumba cha familia: kitanda, jiko, redio, nguo zilizoanikwa. Hawakuwa na kuta za kuhifadhi, wakahifadhi vyombo na majina. Ukitoka pale ukaingia nyumba ya Koopmans-de Wet, sufuria za shaba huzioni tena kwa macho yaleyale.

Na Bo-Kaap, kwenye mteremko wa mlima, nyumba ya miaka ya 1760 ilifunguliwa mwaka 1978 kuwa makumbusho ya maisha ya familia ya Kiislamu. Ukuta wake umejengwa kwa mtindo wa Rasi. Ndani wamekaa watoto wa waliojenga mtindo huo.

Daftari letu

Kwetu Lamu ina hadhi ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu mwaka 2000. Kuta zinajadiliwa kila siku: ghorofa isiongezwe, mlango usitolewe, saruji isipakwe juu ya chokaa. Vyombo vya ndani havina wa kuvisemea. Viti vya enzi vya mpingo na pembe viko zaidi kwenye majumba ya wakusanyaji na hoteli kuliko kwenye kumbi vilikotengenezewa. Marfaa ya kusomea, kasiki ya maji, sinia la shaba, kiti cha mbuzi: vinaondoka kimoja kimoja kwa mkokoteni, na kila kimoja kinaondoka bila maelezo, kwa hiyo hata anayekinunua ananunua kitu bubu.

Familia haihitaji serikali kwa hatua ya kwanza. Kabla vyombo havijagawanywa, mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri akae na shangazi mkubwa, waingie chumba baada ya chumba kama walivyofanya makarani wa Rasi. Waandike chombo, aliyekichonga kama anajulikana, kilipotoka, aliyekitumia. Wamwandike pia aliyekuwa akikisugua: msichana wa kazi aliyeletwa kutoka bara akiwa na miaka kumi, mpishi aliyekaa na familia mpaka akazeeka, na yule bibi wa nyumba ya uani ambaye watoto waliambiwa wasiulize alikuja vipi. Majumba yetu ya pwani nayo yalikuwa na watumwa, na mafundi wengi waliochonga milango tunayojivunia hawakuwa huru. Tukiwadai Waholanzi ukurasa mzima, wa kwetu tutaufichaje?

Makumbusho yetu yana deni kubwa zaidi. Shajara za meli zilizokuja pwani yetu kati ya mwaka 1776 na 1778, orodha za Baraza la Mayatima, majina ya watu walioandikwa kuwa ni wa Msumbiji na wa pwani, vinasomwa leo kwa Kiholanzi na Kiingereza na wataalamu wachache. Sehemu kubwa ya karatasi hizo iko katika nyaraka za Western Cape, Roeland Street, Cape Town, katika nchi ambayo tuna balozi na tunaendesha nayo biashara kila siku. Fort Jesus, Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam na nyaraka za Zanzibar zitume watu wake, wajifunze mwandiko ule wa zamani, waketi pale mwaka mmoja au miwili, watutolee kitabu cha majina kwa Kiswahili. Kisha kitabu hicho kipelekwe Kilwa, Lindi, Mtwara na Pemba, kwenye madrasa, shule na mabaraza ya wazee, ili mtu akikuta mahali palipotajwa na kupatambua aseme, na anachokisema kirudishwe Stellenbosch kiandikwe kando ya kabati.